Wakaguzi wa Kukodiwa

Parklands, 6 Juni 1994

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwenye baridi ya Nairobi. Goti la Mama linaendeleaje? Mimi mzima.

Nimepata kibarua cha kukagua shule. Usicheke! Kuna kampuni huku Westlands ambayo shule za kibinafsi huipa kandarasi ya ukaguzi ili wazazi wawe na imani. Kazi ikitokea, tunaitwa. Safari hii tuko Bwana Inderjit, mwalimu mstaafu wa hesabu, Kiragu aliyetoka benki, na mimi wa Kiswahili.

Binti yako,
Nanjala

Kimilili, 20 Juni 1994

Nanjala mwanangu,

Mama hajambo, anakusalimu sana. Barua yako imenipa maswali. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mkaguzi alitoka wizarani, akatokea tu bila taarifa, na sote tukatetemeka. Nyinyi, shule yenyewe ndiyo inawaita? Inajua siku? Na una hakika watakupa Kiswahili?

Baba yako

Parklands, 11 Julai 1994

Baba,

Hamjambo nyote? Nilipewa kemia! Aliyetakiwa kuikagua hakupatikana. Na siku waliijua, ndiyo.

Kwa vile sikuelewa kitu, nilimwomba msichana wa kidato cha nne, Nasim, anionyeshe jinsi ya kuwasha jiko la gesi. Akaninong'oneza, "Mwalimu, sijui. Hii maabara tumefunguliwa leo." Na mtihani wao wa vitendo ni Oktoba!

Niliandika hivyo kwenye ripoti. Meneja wetu, Jamleck, akafuta. "Tukiwaudhi, mwaka ujao watatafuta kampuni nyingine." Nifanyeje?

Wako, Nanjala

Kimilili, 25 Julai 1994

Mwanangu,

Sisi wazima. Je, mwalimu mkuu wa hapo anajua uliandika nini? Nenda ukamuulize.

Baba yako

Parklands, 19 Septemba 1994

Baba,

Habari za huko? Samahani kwa kimya. Nilienda.

Mwalimu mkuu, Bi Hemlata, alinisikiliza akiwa ameshika kichwa. "Ni mimi niliyeomba huo ukaguzi," akasema. "Naomba mwalimu wa kemia, wenye shule hawanisikii. Nilitaka mtu wa nje aseme."

Jamleck aliposikia nimeenda, akaacha kuniita kazini.

Jumamosi iliyofuata Bi Hemlata alinisimamisha kwenye mkutano wa wazazi, nikawaeleza habari ya maabara. Babake Nasim akauliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma," nikajibu. "Kampuni imeniacha."

Nilidhani nimeharibu. Kisha Bwana Inderjit akainuka kutoka viti vya nyuma. Sikujua hata kama amekuja. "Nilikuwa naye siku hiyo. Anasema kweli."

Wazazi walikataa kuondoka mpaka wenye shule wakakubali kuajiri mwalimu wa kemia.

Mwalimu wa kemia ameanza leo. Watoto wanabaki hadi jioni wakijaribu kuiwahi Oktoba, na sijui kama wataiwahi. Mimi nakuja nyumbani Ijumaa. Nataka kwanza nilale, halafu tuongee.

Binti yako,
Nanjala