Mpira Ulionyooshwa

Masuguru, Jumanne

Baba mkwe ameniharibia mpira, na mimi nimemshukuru.

Mipira yetu ya mchezo wa bowls, ile migumu ya kuviringisha kwenye nyasi, hutengenezwa ipinde njiani makusudi. Kupinda ndio mchezo wenyewe. Mzee alikuwa fundi wa kiwanda cha mkonge; aliuona mmoja ukienda upande pale uani, akaupiga tupa na msasa mpaka ukanyooka. Ijumaa nasafiri na timu ya taifa. Mipira ni minne ya seti moja, mmoja ukiharibika basi seti nzima imekufa.

"Walikuuzia mbovu, mwanangu," akaniambia mbele ya wageni. "Ndiyo maana mwaka jana mlifungwa."

Mkwe hajibiwi. Nikapiga goti, nikasema ahsante baba, huku meno yananiuma kwa kuyabana.

Mzee hajui, nitamsamehe. Lakini aliyemshikia ule mpira usiteleze ni mume wangu. Huyu ameniona nikicheza nje ya nchi. Huyu anajua kwa nini unapinda, maana nilimweleza mwenyewe.

Nimemuuliza kwa nini hakumzuia baba yake.

Alikuwa anavua viatu, hata hakuinua uso. "Kwani lazima uende?"