Amplifaya ya Mzee Lema

Jumamosi, 3 Julai 2004
Nimebadilisha waya mwembamba wa gitaa. Umekatika tena. Baridi ya Karatu ya mwezi huu haihurumii waya wala vidole.
Tumepiga baa ile ile, kwa watu wale wale: madereva wa watalii na wenye maduka. Katikati ya solo yangu Mzee Lema, mwenye bendi, akanyoosha mkono, akanishushia sauti. Hivi hivi tu. Vidole vinakimbia, hakisikiki kitu. Watu wakadhani nimekosea.
Nilimuuliza tulipokuwa tunafungasha. Akasema, "Amplifaya ni yangu, Paskalina. Sauti inayotoka humo ni yangu pia."
Nikamsaidia kuibeba mpaka kwenye pikapu yake. Najuta.

Jumapili, 4 Julai
Ukweli ni kwamba ile amplifaya ni nzuri. Ya zamani, ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani, aliinunua Moshi kwa bendi iliyovunjika. Ukigusa waya taratibu, inaongea. Ukigonga kwa nguvu, inakwaruza kama mtu anayelia kwa hasira. Sijaona nyingine kama hiyo hapa Karatu. Ndiyo maana bendi ni yake. Kuimba hajui. Angekuwa hana ile amplifaya tungeshamkimbia zamani.

Jumanne, 6 Julai
Kazini, hotelini. Kufua. Shuka za wageni, mataulo, shuka tena. Ukungu wa kreta umeingia mpaka chumba cha pasi.
Mchana nikasikia gitaa kutoka ukumbini. Sauti ya valvu. Nikaenda na aproni yangu, mikono ina sabuni. Mgeni mmoja, mzee wa Kizungu, anapiga peke yake. Nikatafuta amplifaya iko wapi. Hamna. Waya umetoka kwenye gitaa, ukaingia kwenye kikopo cha chuma pale sakafuni, kisha ukaenda kwenye spika za mikutano. Basi.
Aliniona nimekodoa macho, akanipa gitaa. Nimepiga mpaka msimamizi akaja kunitafuta. Alinikaripia. Sikusikia alichosema.
Kile kikopo kinaitwa pedali. Kinaiga amplifaya za zamani, unachagua ipi kwa kitufe. Mgeni anasema Nairobi zinapatikana.
Naitaka. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Jumapili, 11 Julai
Endabash, kwa mama. Tumepukuchua mahindi. Nikamweleza. Pedali hakuielewa. Mzee Lema alimwelewa mara moja.
Akasema kwa Kiiraqw, halafu akarudia kwa Kiswahili ili kaka na mkewe wote wasikie: "Yule mtamba ni wako. Nilikupa mimi. Uza."
Kaka amenuna. Mtamba mzima kwa kikopo! Anune.

Jumatano, 14 Julai
Lomayani anakwenda Nairobi kuchukua spea za gari la kampuni yao. Ni dereva wa watalii, mtu wa Piyaya, kijiji cha wafugaji, hana maneno mengi. Nimempa hela ya mtamba na jina la pedali. Hakuuliza kitu. Nashukuru.
Mazoezi jioni. Mzee Lema ameleta mpwa wake kutoka Moshi, Godi. Yeye ndiye solo sasa. Mimi nicheze shoo mbele na sketi fupi, eti watalii wanapenda. Miaka yote hii nimeshika gitaa, leo nikatike kiuno mbele ya Godi anayetyuni kwa kubahatisha!
Nikasema sichezi shoo. Akasema basi kaa nyumbani.
Nimekaa. Kwa sasa.

Jumamosi, 24 Julai
Imefika. Ya bluu, ndogo, nzito kuliko inavyoonekana. Nimeichomeka kwenye redio kaseti. Sauti ya nyuki ndani ya kopo la mafuta. Nikazungusha vitufe vyote. Nyuki wale wale.
Nimelia. Mtamba wangu.
Bendi iko baa muda huu, Godi amesimama mahali pangu. Kaka akisikia atacheka mwezi mzima. Sikubali. Bado.

Alhamisi, 29 Julai
Safari, mpiga dramu wetu, alinicheka kwanza. Halafu akasikiliza. Anasema ubaya si wa pedali, ni wa redio, spika zake kama visahani. Mjomba wake analinda ukumbi wa sherehe karibu na soko. Akatufungulia. Tumechomeka kwenye mikisa ya ukumbi, mashine ya kuchanganyia sauti, spika kubwa pande zote. Nikagonga.
Ikatoka.
Si sawa kabisa. Ya Mzee inasukuma hewa, unaisikia mpaka kwenye magoti. Hii haisukumi. Lakini inakwaruza pale inapotakiwa kukwaruza, na ukitulia inatulia. Safari akaacha kucheka. Akasema, "Dada yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi huu huu. Bendi itakayopiga ni yetu. Solo utapiga wewe."
Nikamwambia Mzee atakataa. Akasema, "Akatae. Harusi ni ya kwetu."

Jumamosi, 7 Agosti
Niandike kabla sijasahau.
Nimevaa gauni la kijani, refu. Nikasimama mbele na gitaa. Mzee Lema akaniona, akaja mpaka usoni kwangu. Akasema nishuke. Nikasema kaka wa bibi harusi ndiye aliyeniomba. Akawageukia wenye harusi: akibaki huyu, amplifaya inaondoka. Walidhani anatania. Akaichomoa, akamwita Godi, wakaibeba wawili mpaka kwenye pikapu. Mama wa bibi harusi ameshika kichwa.
Nikatoa pedali kwenye pochi, nikachomeka, nikamwambia wa mikisa apandishe. Safari akahesabu.
Nimepiga kama mtu anayevunja mlango. Akina mama waliokuja kutoka Endabash wakainuka kabla ya maharusi. Mpiga besi naye, aliyekuwa amesimama katikati hajui aende wapi, akarudi, akachomeka besi yake. Sikumwangalia, asije akaona aibu akaondoka tena.
Mzee Lema hakuondoka. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Akanifuata.
"Hiyo ni sauti ya kuiga."
"Ndiyo, Mzee. Ila mikono ni yangu."
Nilisema kwenye maikrofoni iliyo wazi. Sikujua. Ningejua ningesema vilevile.

Jumatatu, 9 Agosti
Mwenye baa amesema Jumamosi ni za Mzee Lema, hataki ugomvi. Jina la bendi pia ni lake. Mabango ni yake. Kwa hiyo mimi, Safari na mpiga besi hatuna baa, hatuna jina. Watu sokoni wananiita mwanamke asiye na adabu. Muuza nyanya mmoja alisema hivyo huku ananiongezea nyanya.
Naogopa kidogo. Kurudi sirudi.

Jumapili, 15 Agosti
Mzee Lema alinisubiri nje ya kanisa. Amevaa koti. Anasema Godi amerudi Moshi, baridi imemshinda. Nirudi, solo ni yangu, shoo hakuna. Ila nipige kwa amplifaya yake, hicho kikopo nikiache nyumbani.
Nimeifikiria ile sauti kwenye magoti. Siwezi kudanganya, nimeifikiria.
"Shikamoo, Mzee. Hapana."
Akaitikia marahaba. Akafunga koti, akaenda zake.
Hakuwa na sura ya mtu mbaya leo. Hilo ndilo lililoniumiza.

Jumamosi, 28 Agosti
Piyaya. Lomayani alituombea nafasi, wanazindua madarasa ya shule. Tumekuja juu ya lori la mabati, mimi, Safari na mpiga besi. Vumbi mpaka ndani ya masikio. Spika za kukodi, jenereta la shule.
Hawakucheza. Walisimama na shuka zao, wakasikiliza, wengine wamejiegemeza kwenye fimbo. Nikadhani tumeshindwa. Tulipomaliza wakaendelea kusimama pale pale, wakisubiri. Tukapiga tena.
Sasa jenereta limezimwa. Jua bado lipo kidogo. Mama wa Lomayani ametuletea chai ya maziwa, inanuka moshi wa kibuyu kilichofukizwa, tamu sana. Safari amelala juu ya mifuko ya saruji. Ng'ombe wanarudi, nasikia kengele zao, moja ina mlio wa chini kuliko nyingine.
Nasikiliza tu.