Koki ya Nyuma ya Tangi

Jumanne, 8 Julai

Kisanduku kimefungwa leo. Kidogo tu, cha kijivu, kimebandikwa ukutani karibu na tangi langu la sabuni. Kina taa mbili zinazokonyeza kama mwanamume asiye na adabu.

Miaka ishirini na sita nalipikia hili tangi. Mafuta, soda kali, mvuke. Joto likishuka nafungua koki, likipanda nafunga. Sasa kisanduku kitafungua na kufunga chenyewe.

Na aliyekifunga ni mjukuu wangu wa kike! Sindano. Jina hilo nilimpa mimi, maana alikuwa mwembamba na mdomo unachoma. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, hajaota hata jino. Amesoma, amekuwa fundi mitambo, kiwanda kimemchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Miezi mitatu inaisha Jumamosi ya wiki ijayo. Meneja amesema wazi: siku hiyo tangi lipike zamu nzima, masaa manane, joto lisitoke kwenye mstari. Likitulia, Sindano anaajiriwa. Lisipotulia, ashike njia.

Na likitulia, anayeshika njia ni mimi. Mpishi wa tangi hatahitajika tena. Sijaambiwa, lakini macho ninayo.

Basi nimeamua. Kisanduku kishinde. Mimi nimekula chumvi ya kutosha, yeye ndiyo kwanza anaonja.

Jumatano, 9 Julai

Jioni tulikuwa tunaosha vyombo, nikamwambia anieleze hicho kisanduku kina akili gani. Anieleze kama mtu mzima, asinieleze kama kipofu.

Akasema ndani mna namba tatu, na kazi yake yeye ni kutafuta kiasi cha kila namba. Ya kwanza ni hasira: joto likiteleza inashtuka papo hapo, inafungua mvuke. Ya pili ni kinyongo: inakumbuka kosa limedumu muda gani, na kadiri linavyodumu inazidi kusukuma. Ya tatu ni wasiwasi: inatazama jambo linakoelekea, inaanza kushika breki mapema. Hasira ikizidi tangi linayumba. Kinyongo kikizidi, joto linapita mpaka, kwa sababu kisanduku bado kinalipiza la zamani wakati mwenzake amekwisha kutubu.

Nikamwambia, huyo mbona ni babu yako. Sema yeye alikuwa na namba ya pili tupu.

Alicheka hadi sahani ikamponyoka. Imepasuka ile ya maua. Sikujali.

Herufi hizi ninazoandikia nilizipata mezani kwake alipokuwa darasa la kwanza. Yeye anafundishwa, mimi nadowea pembeni. Leo amenifundisha tena. Ananiita mke mwenza, mwana mkorofi huyu.

Ijumaa, 11 Julai

Kazi inakwenda! Sindano anatembea kifua mbele. Amepandisha namba ya kinyongo mara mbili na tangi limevumilia. Kila kitu anakiandika kwenye daftari. Anasema hakutegemea tangi pole namna hii, mwalimu wake aliwatisha kwamba matangi ya sabuni yana visirani.

Mafuta baridi yalipoingizwa liliguna kama kawaida yake, nikalituliza, likanyamaza. Mstari wa joto kwenye kioo cha kisanduku ukanyooka.

Fundi wa boila — tunamwita Jivu, hajawahi kuwa safi tangu nimjue — alipita akaniuliza kama namwonea wivu mke mwenza wa chuma. Eti kule kwenye kufunga makatoni wanasema bibi atakiroga kisanduku kabla hakijamtoa. Nikamwambia awaambie nikianza kuroga nitaanza na miguu yake inayonuka. Jivu ni mtu mwema. Tumezeeka pamoja kwenye joto lile.

Jumapili, 13 Julai

Nimepumzika. Goti limevimba. Kesho kliniki.

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi kliniki jioni, nikamkuta Sindano amelala kitandani na viatu. Hajawahi kulala na viatu.

Tangi limefurika. Mafuta baridi yaliingia saa nne asubuhi, joto likashuka sana, kisanduku kikafungua mvuke wote kikakaa hapohapo. Joto likarudi, likapita, likaendelea kupita. Povu likapanda likamwagika ukingoni. Jivu alikuwa chini akifunga mfereji. Sabuni ya moto ikamwingia ndani ya buti.

Wanasema ngozi ya mguu imetoka na soksi. Yuko hospitali.

Sindano anarudia neno moja tu, kwamba namba zilikuwa sawa. Ijumaa zilikuwa sawa. Namba hazibadiliki zenyewe.

Nilimvua viatu. Nikampa chai, hakunywa. Nikampaka mafuta miguuni kama alipokuwa mdogo, akaniacha nimpake.

Jumanne, 15 Julai

Leo nilikuwepo, na tangi limetulia kutwa. Kama maji mtungini.

Sindano amefungua kipima joto, akakisafisha, akakirudisha. Hakina kasoro. Amefuatilia nyaya zote kwa magoti. Hazina kasoro. Meneja akamwambia mbele ya watu kwamba basi kasoro ni yeye. Aliyasema taratibu, hakufoka. Bora angefoka.

Nilikwenda kumwona Jivu. Ananitania kwamba uchawi wangu umelenga vizuri, umepiga miguu ileile niliyoisema. Nilicheka. Nilipotoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani.

Alhamisi, 17 Julai

Sijui niandike vipi. Naandika hivyohivyo.

Jioni Sindano alitandaza karatasi kitandani kwetu. Amechapisha mistari ya joto ya siku zote, mirefu kama kanga. Akaniita nimshikie pembe moja. Akanionyesha Jumatatu: bonde, halafu mlima, halafu mlima mkubwa zaidi. Akanionyesha Ijumaa: mstari umenyooka, ila una vijino vidogo. Kila mafuta yanapoingia, kijino. Anasema kwenye kila kijino joto lingetakiwa lianguke na halianguki. Kuna mvuke unaingia tangini, na koki ya kisanduku haijafunguka. Unatoka wapi? Ametafuta siku tatu.

Nikakitazama kijino. Nikauhesabu upana wake. Ni pumzi kama kumi na mbili.

Ni mkono wangu.

Nyuma ya tangi, chini, mna koki ya zamani ya mkono. Mvuke wake hauipiti koki ya kisanduku, unazunguka pembeni. Mafuta yakiingia tangi huguna, nami hunyoosha mkono nyuma ya kigoda, robo mzunguko, nasubiri lipumue, nafunga. Kabla kipima joto hakijajua lolote. Sikumficha. Wala sikuwa nafikiri kwamba nafanya kitu! Nani humwambia mwenzake kwamba amepuliza uji kabla ya kumlisha mtoto?

Yeye alikuwa anakipimia kisanduku namba huku mimi nakibebea mzigo. Akaona tangi pole, akaongeza kinyongo. Jumatatu sikuwepo, mzigo ukakiangukia wote. Ukamwangukia Jivu.

Mficha uchi hazai. Nikamwambia palepale, nimeishika ile pembe ya karatasi bado.

Hakulia, hakunilaumu. Halafu akaniuliza ni robo mzunguko au zaidi kidogo, akachukua kalamu, akaandika.

Ningependa anitukane.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi nimeikalia mikono yangu, nimeikalia kweli, chini ya mapaja. Mafuta yakaingia, tangi likaguna, mimi kimya. Joto likaanguka, kisanduku kikajaza kinyongo, likapanda likapita. Sindano akazima kwa mkono kabla halijafurika.

Akapunguza namba. Safari hii likapata joto pole pole mno, sabuni ikaganda mabonge, tukaichota kwa koleo. Akajaribu katikati. Mstari ukawa nyoka. Kila jaribio linakula masaa, mpaka tangi lipoe lijazwe tena. Tulipata matatu tu, zamu ikaisha. Anasema angepewa wiki mbili angezipata namba, sasa anajua ugonjwa uko wapi. Alikwenda kuomba. Meneja hakuinua kichwa kwenye karatasi zake. Kesho ni kesho.

Nikasema nakwenda mwenyewe, nikaseme ni mimi. Sindano akanishika kiwiko. Akasema watasema nimekihujumu kisanduku ili nisitolewe. Si ndivyo wanavyosema tayari? Na yeye ataonekana fundi wa ajabu, wiki nzima bibi yake anafungulia mvuke mgongoni kwake, haoni. Tutatoka wote wawili kwa mlango mmoja.

Anasema kweli. Hilo ndilo baya.

Tulirudi nyumbani. Nikawa nakunja nguo. Yeye amesimama dirishani, mgongo kwangu. Ndipo akasema:

"Bibi, kesho kaa palepale. Fanya kama ulivyokuwa unafanya."

Nikamuuliza, na baada ya kesho? Akasema akishaajiriwa atazirekebisha namba taratibu, wiki mbili, hakuna atakayejua.

"Na hizo wiki mbili nani atakuwa chini ya tangi?"

Nikakunja shuka. Nikalikunjua, nikalikunja tena.

Mtoto huyu nilimchapa siku moja tu maishani mwangu. Alikula sukari akasema ni paka. Sikumchapia sukari, nilimchapia paka. Na leo ameniomba hivi, mtoto asiyeomba kitu, aliyekwenda shule na viatu vya kaka wa jirani asiseme vinambana.

Nikamwambia nitakaa.

Jumamosi, 19 Julai

Mapumziko ya mchana. Niko chumba cha kubadilishia nguo, kwenye benchi, mlango uko wazi nusu. Naandika kwa penseli ya Sindano.

Masaa manne yamepita. Mstari umenyooka, ungeweza kuanikia nguo. Mara tatu mafuta yameingia, mara tatu nimenyoosha mkono chini ya aproni. Hakuna aliyeniona. Nani humtazama bibi kizee kwenye kigoda?

Meneja alikuja na wageni wawili wenye kofia mpya. Akawaonyesha kioo. Akamsifu Sindano kwa jina lake la shuleni, kwa mara ya kwanza. Kisha akaniinamia — kwa adabu, siwezi kumsema — akaniambia Jumatatu nisije, nimefanya kazi ya kutosha, watanifanyia kasherehe kadogo siku nyingine. Nikamshukuru. Mdomo wangu ulishukuru wenyewe.

Halafu Jivu akaja akijikongoja kwa gongo. Mguu umefungwa hadi muundi. Hawezi tena kusimama kwenye boila, ndiyo wamempa kazi ya kukaa: kuanzia Jumatatu yeye ndiye atakayekaa kando ya tangi, peke yake na kisanduku. Alikuja kuona kiti chake. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akiutazama ule mstari. Kisha akamgeukia Sindano.

"Mwanangu, nisamehe. Nililala hospitali nikikulaani. Kumbe umelitengeneza, sasa naweza hata kuligeuzia mgongo."

Sindano alitabasamu. Kwa meno tu. Nimemlea huyu, najua uso wake ukoje anapotaka kutapika.

Nilitaka kumwambia Jivu. Nilifungua kinywa. Kilichotoka ni kumuuliza kama dawa anameza. Anameza.

Nikimwambia, namuua mjukuu wangu huku namtazama. Nisipomwambia, Jumatatu saa nne asubuhi mafuta yataingia, tangi litaguna, na nyuma ya kiti chake hakutakuwa na mkono. Nimeligeuza jambo hili asubuhi nzima. Kila upande una mtoto wa mtu. Mchuma janga hula na wa kwao — nilikuwa nawaambia wengine hivyo, kirahisi!

Na nikiuacha mkono mapajani mchana huu? Likifurika mbele ya wageni, chini hakuna mtu, mfereji umefungwa mapema. Hataungua mtu. Ila yeye atakuwa amekwisha.

Kengele imelia. Wameanza kurudi, nasikia viatu. Mafuta ya mchana yanaingia baada ya dakika kumi, na ya mchana ndiyo mengi na ndiyo baridi zaidi.

Sindano yuko mlangoni. Haniangalii usoni, anaiangalia mikono yangu.

Nimemwambia atangulie, nakuja.

Hajatangulia.