Pete Kwenye Glasi

Dada yangu mpenzi,

Naanza na salamu, usije ukasema mjini nimepoteza adabu. Hujambo? Shemeji je? Na wapwa zangu, wameacha kugombania kitanda cha juu? Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio una jambo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema kompyuta ya pale mapokezi kwenye zahanati yenu inakuita kama alivyokuwa akikuita Mama, unainuka mbio wenzako wanakutumbulia macho, na shemeji anataka uache kazi ukapumzishe kichwa. Dada, usiache kazi. Kichwa chako hakina kasoro.

Unaijua kazi yangu, unayoniitia mpiga makopo. Natengeneza milio ya kompyuta. Haina maneno, haifiki sekunde moja, na mtu akiisikia anajua bila kutazama kwamba ujumbe umeingia au kazi imefutika. Tunarekodi droo, zipu, kijiko, chochote. Mwaka jana bosi wetu, tunayemwita Bwana Tena kwa kuwa kila ukimsikilizisha kitu anasema "tena", alitaka mlio wa ujumbe wa dharura kwa zahanati, ambao mtu hawezi kuupuuza. Nilimpelekea arobaini na moja, yote akaikataa. Wa arobaini na mbili ulimsisimua mwili, akauliza nimeutoa wapi. Nikamwambia jikoni kwangu.

Mwongo mimi! Ilikuwa pete ya Mama kwenye glasi. Unakumbuka ugonjwa ulipomnyang'anya sauti: akigonga mara mbili, njoo ukipata nafasi, mara tatu, njoo sasa hivi. Ulikuwa unamtania kwamba amegeuka mwalimu mkuu, naye anacheka mabega tu yakitikisika.

Nilikwambia Mama aliondoka usingizini. Sivyo. Mchana ule nilikuwa chumba cha pili, hedifoni masikioni, nahangaika na mlio wa droo, na maikrofoni nimeisahau inarekodi. Aligonga mara tatu. Akarudia, akarudia. Dakika kumi na moja, dada! Niliyasikia mapigo hayo wiki moja baada ya mazishi. Kuyafuta nilishindwa, kukaa nayo peke yangu nikashindwa, basi nikakata kipande nikampa Bwana Tena. Naona aibu hata kuandika. Nisamehe.

Ningeishia hapa, ungeshajua kwamba huna wazimu. Lakini umeandika kwamba kompyuta inagonga mara tatu. Mimi nilitoa mara mbili tu. Pigo la tatu nililikata kwa mkono wangu, sikuweza kulivumilia. Jana nimefungua faili: mawili. Nimepigia simu zahanati nyingine tatu, zote zinasikia mawili.

Kwa hiyo ikigonga tena mara tatu, usikimbie. Mwambie Mama aliyekuwa chumba cha pili si wewe. Mwelekeze kwangu. Hedifoni nimezivua, na mlango sifungi.

Nisalimie nyumba nzima, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mpiga Makopo