Magamba ya Zuhura

Baba Zuhura, salamu nyingi kutoka Unguja. Huku joto kali, lakini moyo wangu umepoa.

Leo dada yangu alitupeleka bustani ya wanyama kutazama mamba. Mimi nilisimama nyuma, miguu ya Zuhura nimeifunika kanga, maana mama yako husema magamba yake yametokana na mimi kumtazama mamba kule mtoni nikiwa na mimba. Bi mmoja anayewalisha mamba akaniuliza, "Mwanangu, mbona wamficha?" Nikamweleza huku nalia. Akacheka, akapandisha mkono wa baibui: ngozi yake kama ya Zuhura! "Hii nimeirithi kwa baba yangu, nnapaka mafuta kila nikikoga. Huyu mamba ndugu yake wa karibu ni ndege, hata kuku wako wa nyumbani. Kenge mwenyewe yuko mbali naye, seuze mwanao! Ngozi hii mtoto huipata kwa wazazi, haiji kwa kutazama."

Hapo nikaikumbuka miguu yako inavyopauka na kutoka magamba wakati wa kipupwe. Mume wangu, pandisha suruali umwoneshe mama! Zuhura wako amelala miguu wazi, inang'aa mafuta ya nazi. Tumekukumbuka sana.

Mama Zuhura