Jua Linakula Picha

Rusimbi, Kigoma
9 Machi 2025

Mwanangu Gideon,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako anayekuwaza kuliko unavyojiwaza. Habari za Dar na joto lake? Kifua kimepona? Mimi mzima, mgongo ndio ule ule. Mvua huku hazina mchezo, mihogo imekubali. Mama Ziada wa nyumba ya pili anakusalimu, ingawa kusema kweli hakusalimu, aliuliza kama bado unanunua maboksi.

Ni hivi. Nilikuwa sokoni Mwanga, pale kwa wauza mawese, nikawaambia wenzangu kwamba mwanangu ana kabati zima la filamu za zamani, na kila filamu ina boksi lake gumu kama Biblia ya mchungaji. Mama Ziada akasema, "Filamu si zimejaa kwenye simu bure? Huyo mtoto mmemwombea?" Nikamjibu kwamba mwanangu hanunui filamu, ananunua boksi. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kwa hiyo nieleze mwenyewe unachonunua humo, siku nyingine niwafunge mdomo.

Lakini siyo hilo lililonikalisha niandike. Kwenye simu siwezi kusema, maana baba yako amelala chumba hiki hiki. Kiharusi kilichukua mkono na ulimi, masikio kikamwachia.

Gideon, baba yako hali. Ulipokuja mwezi wa kwanza alikuwa anakula, ulimwona. Sasa nikileta kijiko cha uji anafunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa, anageukia ukutani. Daktari anasema akiendelea hivi atarudi wodini atiwe mpira puani, na haamini kama mwili utavumilia. Frida, yule binti anayekuja kumnyoosha mkono, ndiye aliyenipa wazo. Akasema, "Mama, mtafutie kitu alichokipenda akisikie. Wengine hurudi." Nikamwambia huyu hakupenda kitu ila kusema. Ndiye Yona wa Mwanga, aliyesimama kwenye banda la video na kipaza sauti, akageuza Kiingereza cha wazungu kuwa Kiswahili mpaka mtu aliyetoka Kasulu jana akaelewa kila kitu.

Ile kanda ya Farasi wa Mjane uliyoondoka nayo ndiyo pekee iliyobaki yenye sauti yake. Zile nyingine zilikuwa kwa baba yako mdogo Kibirizi, ziwa lilipopanda likazichukua pamoja na nyumba. Tuletee hiyo, ajisikie.

Mama yako,
Rahabu


Dar es Salaam
17 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimetulia, kazi za kuhariri video za harusi zimenibana kweli. Barua yako niliisomea stendi pale pale kwa sababu konda wa basi la Kigoma aliponipa nilijua siyo ya salamu. Mpe baba pole zangu. Mshike ule mkono mzima umwambie ni mimi.

Ya maboksi nakueleza, na utaona yanavyofika kwa baba. Ile filamu aliyoiita Farasi wa Mjane ninayo kwenye boksi. Kule ilikotengenezwa waliitafuta mikanda ya kwanza kabisa ghalani, wakaisafisha picha moja moja. Ya kwetu ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, picha chenga tupu. Unajua yule mjane ana kovu shavuni? Mimi nimekua naye na sikulijua. Halafu ya kwetu ilikuwa imekatwa, inaishia farasi akiwa mtoni. Humu ipo nzima. Kuna na kitabu kinachoeleza nani alishona nguo, nani alimfunza farasi. Filamu ya kwenye simu wenyewe wakiamua wanaiondoa kesho, hawakuulizi. Hii ipo kabatini kwangu.

Lakini kilichonikamata ni kingine. Unabonyeza, inakuja sauti ya pili juu ya filamu. Mzee aliyeitengeneza amekaa pembeni yako, anakueleza kwa nini hapa kuna giza, kwa nini farasi hakimbii. Mara ya kwanza kuisikia nilizima. Nilidhani nimemsikia baba.

Sasa kanda yetu. Mama, imeota ukungu, mweupe kama unga pembeni. Fundi wa Nairobi anayesafisha kanda kama hizi amenikataza kuichezesha kabla hajaisafisha. Mashine inaweza kuila. Zamu yangu kwake ni mwezi wa saba. Mvumilieni kidogo.

Mwanao,
Gideon


Rusimbi
25 Machi 2025

Mwanangu,

Hujambo tena. Mama mzima, salamu kutoka kwa wote, hata kwa wasiojua kama nakuandikia.

Barua yako niliisoma sokoni kwa sauti. Nilipofika pale pa mzee anayekaa pembeni na kueleza, nikasimama. Nikawaambia, mmesikia? Wazungu wanaweka kwenye boksi la thamani kazi aliyokuwa anafanya mume wangu Mwanga kila siku ya Mungu. Mama Ziada akajishughulisha na kidumu chake cha mawese. Na huo mwisho mpya usiniandikie. Baba yako alipoona kanda inaishia mtoni alitunga wake, farasi akarudi peke yake kwa mjane na matandiko mgongoni, wanaume wazima wakalia. Kama huyo mzee alifanya vingine, alikosea.

Nimekuelewa, Gideon, kuliko unavyodhani. Na mimi nina boksi langu. Unalijua lile sanduku chini ya kitanda. Mle kuna kitenge cha wax baba yako alichoniletea kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, ulipozaliwa, hakijaguswa na mkasi, lebo bado imebandikwa. Wenzangu wameshona vyao, vimechakaa, vimekuwa vitambaa vya jikoni. Mimi nafungua nakiangalia, nanusa, nafunga. Kwa hiyo sikucheki.

Lakini mwezi wa saba, mwanangu, baba yako hana mwezi wa saba. Ukimgeuza unahesabu mifupa. Jana alikubali vijiko vitatu vya maji yenye sukari, basi.

Nimejaribu mwenyewe kumsimulia. Unajua nilikuwa nakaa nje ya mlango wa banda na tiketi zangu na chupa ya chai, filamu sikuiona hata siku moja mpaka mwisho, niliisikia tu kwa sauti yake. Nikichungulia kidogo ananisema mbele ya watu wote, "Mama Gideon, funga mlango, jua linakula picha," banda zima linacheka. Basi juzi nikakaa kitandani nikaanza kama yeye: "Mnamwona huyo mwenye kofia? Huyo msimwamini." Akaniangalia. Akafumba macho. Sauti yangu haina kitu anachokitafuta.

Weka hiyo kanda kwenye mashine.

Mama yako,
Rahabu


Dar es Salaam
2 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama nyote wawili.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Kanda nimeitoa kabatini, nimeishika, nimeirudisha. Fundi nilimpigia tena nikamwomba anipitishe mbele, akasema hata wenye misiba wamepanga foleni. Nikimtumia leo, italala kwake tu.

Elewa ninachoogopa. Nikiiingiza ikakatika, sauti ya baba haipo tena popote duniani. Wewe unataka aisikie mara moja. Mimi nataka na wanangu waje waisikie, wajue babu yao alikuwa nani. Likizo nimenyimwa, nimeomba tena. Mpeleke wodini, mama. Wamtie huo mpira. Tununue muda.

Mwanao,
Gideon


Rusimbi
7 Aprili 2025

Gideon,

Salamu ni zile zile.

Wodini tulikwenda. Mpira aliung'oa kwa mkono mzima, mara mbili, nesi akaniambia mama, mzee ameshasema. Tumerudi nyumbani.

Visigino vyake vimeanza kuchubuka kwa kulala. Anahitaji mito laini ya kuweka chini ya miguu, na mashuka yangu ni magumu kama turubai. Nilifungua sanduku. Nilitoa kile kitenge cha Kalemie, nikakitandaza sakafuni, kilikuwa bado kinang'aa kama siku ile. Mkasi ulipoingia nilihisi ni mimi ninayekatwa. Nimeshona mito miwili, nimeijaza pamba, miguu yake ipo juu yake ninavyoandika. Anaitazama. Nadhani amekijua.

Mama Ziada alipita akaona vipande sakafuni. Akaokota uzi, akanisaidia kutunga sindano.

Nilikuwa nakitunza kwa ajili ya siku gani? Ningezikwa, binti zenu wangegawana, na asingekuwepo hata mmoja anayejua kilivukaje ziwa.

Lebo nimeibandua, nimekuwekea humu ndani. Wewe ndiye mtu wa kutunza, itunze. Mimi nimebaki na kitambaa.

Mama yako


Rusimbi
18 Aprili 2025

Gideon,

Kila basi linaloingia naenda stendi, konda ananitikisia kichwa kabla sijauliza. Baba yako jana alitema hata maji. Kama umekasirika, kasirika huku unaandika.

Mama


Dar es Salaam
21 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sijakasirika. Lebo niliiweka mezani mbele ya mashine, nikaenda kazini, nikarudi ikawa bado ipo. Nilikuwa nafanya hivyo kila siku. Jumamosi mchana nikaingiza kanda.

Picha haikuja, chenga tupu. Nikanyoosha kidole nizime. Kisha nikasikia watu wanakohoa, benchi linaburutwa, mtoto analia. Nilikuwa nimesahau kwamba waliirekodi mle mle bandani, siku watu wamejaa. Halafu baba akasema, "Karibuni, walioketi chini wavute miguu." Mama, nilivuta miguu.

Ilicheza mpaka pale mjane anapokwenda kufungua zizi. Hapo mashine ikaanza kulia. Nilichomoa waya, nikafungua kwa bisibisi, kanda ilikuwa imejikunja mle ndani kama utumbo wa kuku, imekatika. Iliyobaki ilivunjikia vidoleni. Ule mwisho wake wa farasi kurudi hatutausikia tena.

Kilichosikika nilikirekodi, kipo kwenye memori kadi, nimeikunjia ndani ya karatasi hii. Sikuituma kwenye simu janja ya jirani yenu kwa sababu simu inaibana sauti, inaipunguza. Najua utanisema. Nimeshindwa kumtuma baba akiwa amepunguzwa. Ipachike kwenye sabufa ya Frida.

Niambie amefanya nini. Likizo wakininyima tena naacha kazi nakuja.

Mwanao,
Gideon


Rusimbi
25 Aprili 2025

Mwanangu Gideon,

Nakusalimu, na kwa leo usiniulize hali yangu.

Kukusema nitakusema ukifika. Siku mbili za basi ulizimaliza kwa ajili ya sauti kubanwa. Lakini nilipoisikia nilikuelewa. Alikuwa mzima kabisa, Gideon. Alikuwa amesimama hapa.

Frida alileta sabufa asubuhi, akaiweka juu ya kiti karibu na kichwa chake, akaondoka. Mlango niliuacha wazi ili Mama Ziada na wenzake walioketi barazani wasikie mume wangu ni nani, usinicheke. Nilikuwa na uji tayari kwenye kikombe, mwepesi, wenye sukari nyingi anavyopenda.

Alipojisikia anawaambia watu wavute miguu, macho yalifunguka. Aliacha ukuta, akageuka. Kwa muda mrefu alisikiliza tu, uso umekaza, kama anamsikiliza mtu anayemfahamu lakini hajui walikutana wapi. Ikafika pale pa yule mwenye kofia. "Huyo msimwamini," sauti ikasema, na banda likaitikia. Baba yako akafungua mdomo.

Mwanangu, nilikuwa naisubiri siku hiyo. Nilichota uji upesi, nikaingiza kijiko. Uji ukatoka wote ukateremkia shingoni. Hakuwa amefungua kwa ajili ya uji. Alikuwa anasimulia.

Maneno hayakuwepo. Ilikuwa sauti tu, nzito, kama ya mtu aliye chini ya maji. Lakini pale yule wa kwenye kadi alipopandisha sauti, na yeye alipandisha. Alipopunguza ili watu waogope, na yeye alipunguza. Mkono mzima aliuinua, akaukunja hivi, na nilipoangalia nikaona ameshika kipaza sauti.

Nikaweka kikombe chini. Daktari alichosema hakijabadilika, na mimi nilikuwa nimeshaelewa tangu anang'oa ule mpira, ila sikutaka kukuandikia. Hatakula tena. Usisubiri likizo. Panda basi ukimaliza kusoma hapa, na lile boksi lako lenye filamu nzima uje nalo. Nataka kumwona huyo mjane mwenye kovu.

Wakati nimekaa hivyo na kitambaa cha kumfutia uji mkononi, yule wa kwenye kadi akakatisha hadithi katikati. "Mama Gideon, funga mlango, jua linakula picha." Watu wa bandani wakacheka wote, na mimi nikajisikia mle mle kwenye kadi, kwa mbali, msichana, nikijibu, "Nimesikia, baba, endelea." Baba yako akanyamaza. Akanitazama, akatazama mlango, mkono bado uko juu, akawa ananisubiri.

Nikainuka nikaufunga. Safari hii nilibaki ndani.

Mama yako,
Rahabu