Maneno ya Kitandani kwa Mama

Cardiff, 3 Februari

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua isiyokoma. Natumaini u mzima na lile goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo, ila mafua yamenikaba wiki nzima na sauti imekuwa ya chura.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii. Nikipiga, unamwita jirani aje kukurudia ninayosema, na hili sitaki jirani aliingilie. Ndani ya bahasha kuna albamu yangu. Nyimbo kumi, zote kwa Kikorni, hii lugha yetu ya kale iliyobaki na wachache, hakuna hata neno moja la Kiingereza. Miaka kumi na saba nimeimba nyimbo za wengine kwenye harusi za watu. Hizi ni zangu. Ni muziki wa pop, kwa hiyo usitafute tenzi za kanisani humo. Vaa zile spika za masikioni nilizokununulia, uongeze sauti mpaka mwisho.

Wimbo wa sita usikilize ukiwa umekaa.

Tarehe 14 Juni tunaizindua Redruth, maili nne tu kutoka mlangoni kwako. Nimekuwekea kiti. Njoo, baba.

Mwanao,
Meraud


Camborne, 12 Februari

Mwanangu Meraud,

Salamu zako nimezipata na mzigo umefika. Goti liko pale pale, tumeshazoeana. Hayo mafua yako ni ya kutembea bila kofia. Kunywa maji moto na asali, usinijibu kwamba umeshakuwa mtu mzima.

Nimeisikiliza albamu. Ngoma zako zinagonga kama mashine tulizotobolea miamba mgodini, zile zile zilizonila masikio. Lakini nyimbo tano za kwanza nilijikuta natikisa mguu. Nikasema, huyu nilimsemesha Kikorni tangu siku aliyozaliwa, mtaa mzima ukaniona nimepungukiwa akili, na leo mtazameni. Nilifurahi, sikufichi.

Kisha ukaja wa sita. "Hajui." Nikavua spika, nikatoka nje, nikasimama bustanini bila koti.

Yale ni maneno yetu, Meraud. Ni yale tuliyokuwa tukiambiana mimi na wewe juu ya kitanda cha mama yako, yeye akiwa katikati yetu, kwa sababu Kikorni kilikuwa chetu sisi wawili. Daktari amesema nini. Imebaki miezi mingapi. Usimwambie. Tulimfungia mlango akiwa ndani ya chumba chake mwenyewe. Mimi aibu hiyo nimekaa nayo kimya, wewe umeipigia gitaa.

Uondoe wimbo huo. Siku mama yako Jenifer alipokata roho nilikuwa nimelala kwenye kochi huko chini, na wewe uko naye juu, na hukuniita. Ngazi kumi na tatu tu. Hilo nimelinyamazia miaka yote hii. Hili silinyamazii.

Baba yako


Cardiff, 20 Februari

Baba,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mafua yameisha. Asali nilikunywa.

Wimbo umeshatoka, hauwezi kurudi. Na ni nani atakayeuelewa? Wanaokisema Kikorni vizuri wakikusanyika wote hawajazi uwanja wa raga wa Camborne. Waliobaki wataucheza tu. Juzi nimeona wasichana wa Truro wakiruka ruka nao, wanaimba "hajui, hajui" huku wanacheka. Nililia chooni, baba, nikanawa uso, nikarudi jukwaani. Usidhani ni wewe peke yako unayeumia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wasichana wenzangu walikuwa wanachagua viatu vya dansi, mimi nakaa kitandani kwa mama namdanganya kwa lugha nyingine. Nilihitaji pa kuyatua maneno yale. Sina mahali pengine zaidi ya wimbo.

Na lile ulilolisema adhuhuri ya siku ile ya mwisho, ukiwa umeshika chuma cha kitanda, sikuliweka. Hilo sitaliimba kamwe.

Kuhusu kutokukuita, naomba tusilifungue.

Mwanao,
Meraud


Cardiff, 4 Aprili

Baba mpendwa,

U hali gani? Hii ni barua ya pili sasa tangu uliponyamaza. Nimempigia katibu wa kwaya yako, akaniambia u mzima, unafika mazoezini kila Alhamisi na unawagombeza vijana wa sauti ya kwanza kama kawaida. Nikashukuru, nikachukia pia.

Gazeti la huko nyumbani limenihoji. Nimewaeleza kuhusu wimbo wa sita, kwamba ni maneno tuliyoambiana mbele ya mama kwa kuwa yeye Kikorni hakukijua. Jina lako sikulitaja. Ukiliona, usije ukalisoma kwa hasira.

Kiti chako bado kipo.

Meraud wako


Camborne, 9 Mei

Mwanangu,

Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa na hasira, na baadaye haikuwa hasira tena. Sijambo kwa mwili.

Wiki tatu zilizopita alikuja Loveday Nancarrow, yule mwalimu wa zamani anayeshinda na paka zake nyuma ya kanisa. Alikuja na maandazi ya zafarani na lile gazeti. Nikamwambia, "Loveday, kama umekuja kunisema kuhusu binti yangu, rudi na maandazi yako." Akasema, "Denzil, nyamaza, ukae. Nimekuja kuvunja ahadi."

Mama yako alikuwa anakwenda kwake kila Alhamisi, mimi nikiwa kwayani. Majira matatu ya baridi. Alikuwa anajifunza Kikorni. Alitaka kunishtukiza siku tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, ainuke mezani atoe hotuba yake. Alimwapisha Loveday asiseme. Kabla siku haijafika akaugua, na sisi tukaanza kunong'onezana juu yake.

Nikamuuliza Loveday, alikuwa anaelewa kiasi gani? Akaangalia chini. Akasema, "Yote, Denzil. Kusema kulimpa tabu, lakini kusikia alisikia yote." Loveday alikwenda kumtazama mara moja alipokuwa anaugua, akamwambia atuambie basi kwamba anaelewa. Jenifer akakataa. Alisema tunajitahidi sana, hakutaka tuone kwamba tunajitahidi bure.

Sasa unajua kinachonikosesha usingizi. Si miezi, si daktari. Ni lile la adhuhuri. "Nimechoka, Meraud. Afadhali iishe leo." Nililisema juu ya uso wake, na nikashuka nikalala. Miaka kumi na saba nilijifariji kwamba alau hakulielewa.

Sikuulizi habari za wimbo tena. Uimbe. Lakini naomba unijibu moja, na usinihurumie. Kwa nini hukuniita?

Baba yako


Cardiff, 14 Mei

Baba mpendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Natumaini umekula leo.

Habari za Loveday sikuzijua. Mengine niliyajua, baba. Nimeyajua tangu siku ile, na nilinyamaza kwa sababu nisingeweza kukwambia moja bila kukwambia la pili. Nilifikiri bora unichukie mimi. Hilo nilidhani naliweza, na kwa kweli limenishinda.

Uliposhuka, alifumbua macho. Mnamo saa nane pumzi ikaanza kukatika, nikainuka nikuite. Akanishika kifundo cha mkono. Hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe, lakini alinishika. Akasema kwa Kikorni, polepole, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma ubaoni: "Mwache alale. Amechoka."

Nikakaa.

Binti yako,
Meraud